Kutoka Rathcroghan hadi Ballykilcline: Safari katika Ardhi ya Strokestown

Msafiri anayeuendea Strokestown, mji mdogo wa kaunti ya Roscommon nchini Ayalandi, akitokea magharibi, hupita kwanza katika malisho ya Rathcroghan karibu na kijiji cha Tulsk, ambako vilima vya udongo, maboma ya duara na makaburi ya kale, zaidi ya 240 kwa jumla, vimefunikwa na majani, kiasi kwamba asiyeelekezwa huweza kuyavuka makao ya wafalme wa kale wa Connacht akidhani amepita zizini. Humo limo pango la Oweynagat, ambalo aingiaye hulazimika kutambaa, na kwenye jiwe la mlango wake mna maandishi ya ogham, yaani mwandiko wa kale wa Kiayalandi unaoundwa kwa mistari mifupi iliyokatwa kwenye ukingo wa jiwe, yanayotaja jina la Medb, malkia ambaye masimulizi ya kale yanamweka mahali hapohapo.

Strokestown wenyewe ni mji wa namna nyingine, kwani ulipangwa na kabaila kwa matakwa yake. Barabara yake kuu, pana kupita mahitaji ya mji wenyewe, inaishia kwenye lango la tao la jumba la Strokestown Park, makao ya ukoo wa Mahon ulioipata ardhi hiyo katika karne ya 17. Jumba lilipanuliwa katika karne ya 18 na msanifu Richard Cassels, na ndani yake kuna mambo mawili yanayoeleza utawala wa makabaila vizuri zaidi kuliko fahari ya sebule zake: njia ya chini ya ardhi waliyopita watumishi ili wasionekane na wenye nyumba wala wageni wao, na jiko lenye roshani ambako bibi wa nyumba alisimama kutoa maagizo ya chakula bila kushuka walipokuwa wapishi.

Mwaka 1979 jumba na ardhi yake viliponunuliwa na mfanyabiashara wa mjini, zilikutwa humo nyaraka za shamba, zikiwamo barua, hesabu na maombi ya wapangaji, na ndizo zilizozaa Makumbusho ya Taifa ya Njaa yaliyofunguliwa mwaka 1994. Njaa hiyo ilianza mwaka 1845, baada ya viazi, ambavyo kwa maskini wengi vilikuwa karibu chakula chote, kushambuliwa na bakajani chelewa, ugonjwa uleule ambao wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya huupulizia dawa hadi leo. Hata hivyo ugonjwa pekee hautoshi kueleza vifo vya watu wapatao milioni moja, kwa kuwa nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza, na kodi za ardhi ziliendelea kudaiwa.

Meja Denis Mahon alirithi shamba hilo mwaka 1845 likiwa limejaa madeni, na wakala wake alimpigia hesabu iliyoonyesha kuwa nauli ya kuwapeleka wapangaji Kanada ingekuwa nafuu kuliko kuwalisha katika nyumba ya kazi, yaani makao ya mafukara yaliyogharimiwa kwa kodi za wenye ardhi. Mwezi Mei 1847 watu 1,490 walitembea hadi Dublin, wakavushwa hadi Liverpool, kisha wakapandishwa meli zilizokuwa duni. Katika meli ya Virginius pekee, iliyobeba abiria 476, watu 158 walikufa kabla ya kufika karantini ya Grosse Île nchini Kanada. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo Mahon alipigwa risasi njiani akirudi kutoka mji wa Roscommon. Leo njia ya miguu ya kilomita 165, inayofuata nyayo za wapangaji hao hadi Dublin na kwa sehemu kubwa kando ya Mfereji wa Kifalme, imewekewa sanamu za shaba za viatu vya watoto. Ni ukumbusho mzuri, ingawa wengi wa wapangaji wale yumkini hawakuwa na viatu.

Nyaraka za kabaila, hata zikiwa na utajiri kiasi gani, humwona mpangaji kama deni, na kwa sababu hiyo safari haifai kuishia langoni. Katika eneo la Ballykilcline, si mbali na mji, wapangaji wa ardhi ya Taji la Uingereza waligoma kulipa kodi tangu mwaka 1834, mpaka serikali ilipowafukuza mwaka 1847 na 1848 na kuwasafirisha wengi wao hadi New York. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Charles Orser, kuanzia mwaka 1998, ulifukua katika mabaki ya nyumba zao vipande vya vyombo vizuri vya udongo vilivyotengenezwa viwandani Uingereza, jambo linaloonyesha kwamba watu walioandikwa katika barua za serikali kuwa wakaidi wasio na kitu walikuwa wanunuzi sokoni, wenye fedha kidogo na uchaguzi wao wenyewe wa mahali pa kuitumia.