Nyoka wa Mferejini

Wakati wa likizo iliyopita nilikwenda Kikwe kumsaidia mjomba wangu kusafisha mfereji wa shamba lake. Mahali maji yanapotuama pameota matete, na vyura ni wengi. Nilipokuwa nikifyeka majani, nyoka alipita majini karibu na miguu yetu, akajitia katika matete. Mjomba akainua jembe.

Siwezi kumlaumu. Zamani aliumwa na kifutu, na mpaka leo huchechemea. Lakini nilimwambia, "Mjomba, tafadhali ngoja kidogo, tumtazame kutoka hapa."

Nyoka alikuwa ametulia. Urefu wake haukuzidi mkono wangu. Mgongoni alikuwa na utepe mpana wa kahawia, na kandokando yake vidoa vidogo vyeupe. Mdomo wake wa juu ulikuwa wa manjano wenye vistari vyeusi. Mkia ulikuwa butu, kama uliokatwa. Hapo nikakumbuka somo letu la Biolojia. Yuko nyoka wa majimaji, ambaye wataalamu humwita Natriciteres olivacea. Akishikwa mkia hujipindapinda mpaka ukatike, kisha hukimbia, wala mkia huo hauoti tena kama wa mjusi. Hula vyura na samaki wadogo, na hana madhara kwa mtu.

Mjomba akauliza, "Na kama umekosea, je?"

Swali hilo lilinichoma. Maana yuko nyoka mwingine apendaye vyura, mwenye alama kama herufi V kichwani, naye ana sumu. Sikuiona alama hiyo, lakini maji yalikuwa na matope. Nikajibu, "Kama nimekosea, basi ni heri zaidi tusimkaribie."

Mjomba alifikiri kidogo, akashusha jembe. Tukarudi nyuma hatua chache, na baada ya kitambo nyoka akaenda zake.

Ndugu wasomaji, simshauri mtu kumshika nyoka yeyote, hata akidhani anamjua. Na mtu akiumwa, asichanjwe wala asifungwe kamba; atulizwe, apelekwe hospitali upesi. Lakini siku ile nilijifunza kwamba watu wengine huumwa kwa sababu ya kumfuata nyoka ili wamwue, hali yeye anatafuta njia ya kukimbia.

Kesho yake tulirudi kumaliza kazi. Mjomba alikuwa amevaa viatu vyake virefu vya mpira, na kabla ya kukata matete aliyapiga kwanza kwa fimbo ndefu.