Sala na Dawa Si Maadui

Hujafa hujaumbika. Methali hii nilikuwa nikiikariri tu darasani mpaka shangazi yangu alipopatikana na saratani ya matiti. Alihamia kwetu ili awe karibu na hospitali. Kwa vile mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nilikuwa naye kila jioni.

Kila baada ya majuma matatu alitiwa dawa kali mshipani. Mwalimu wetu wa Biolojia alitueleza kwamba dawa hizo huua seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ndizo hizo, lakini zile zinazootesha nywele pia hugawanyika upesi, ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka. Nywele za shangazi zilipoanza kubaki kwenye mto, alilia kuliko siku aliyopewa majibu. Akasema, "Mungu amenisahau."

Kila Alhamisi akina mama wa jumuiya walikuja nyumbani. Nilidhani watamkemea kwa maneno hayo. Wapi! Mmoja alimwambia kwamba hata Ayubu alimlalamikia Mungu na hakuangamizwa. Wakaimba, wakasali, kisha huyu akafua nguo na yule akakoroga uji. Jirani yetu Mwislamu naye alimwombea dua na kumletea leso mbili za kujifunga kichwani. Siku hizo shangazi alipata usingizi. Ugonjwa ulikuwa pale pale, lakini hofu hakuibeba peke yake.

Kisha kukazuka kisanga. Mhubiri mmoja alimwambia kuwa kuendelea na dawa ni kukosa imani, aache. Nyumba nzima tuliingiwa na wasiwasi, maana shangazi alikuwa amechoka na sindano na maneno hayo yalimkolea. Siku mbili hakusema neno. Siku ya tatu alfajiri nikamkuta amevaa, leso kichwani, rozari mkononi, anamngoja baba wapande matatu. "Aliyempa daktari akili ni nani kama si Mungu?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, nilimbebea mkoba tu.

Mtaani wapo wanaosema saratani ni laana. Je, Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004 na kufariki kwa saratani ya ovari mwaka wa 2011, alilaaniwa kwa kosa gani? Saratani ya mlango wa kizazi nayo husababishwa na virusi, na wasichana wa Kenya wamekuwa wakipewa chanjo yake tangu 2019. Laana haina chanjo!

Shangazi amemaliza dawa na huenda kupimwa. Ya kesho hayajui, lakini kicheko chake kimerudi. Shime wenzangu, tukimtembelea mgonjwa tusiipime imani yake. Tusali naye, tumwache alie akitaka, kisha tumsindikize hospitalini. Penye nia pana njia.