Kilomita Tano za Moshi

Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tulikimbia kila asubuhi. Mchakamchaka ulianza kabla giza halijaisha: mwalimu wa zamu pembeni na fimbo yake, sisi kwenye mistari, mmoja akianzisha wimbo na wengine tukiitikia, vumbi likipanda mpaka magotini. Hakuna aliyetuuliza kama tunaweza. Kisha nikamaliza darasa la saba, nikakua, nikaolewa, nikazaa, na miguu ile ile ikakaa zaidi ya miaka ishirini bila kukimbia.

Presha ndiyo iliyonirudisha barabarani. Nesi alinipima mkono wa kushoto, akapima na wa kulia, akasema, "Mama, dawa bado. Punguza chumvi kwanza, halafu utembee. Kila siku, mpaka utokwe jasho." Nikaanza kutembea jioni na jirani yangu. Yeye alikuwa ameshakimbia kilomita tano za Kilimanjaro Marathon hapa hapa Moshi, na ndiye aliyenifundisha kutumia nguzo za umeme. Unatembea nguzo tatu, unakimbia moja. Wiki zikipita, za kutembea zinapungua. Na ukiwa unakimbia uweze kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha kasi, punguza.

Kanuni hiyo ya kuongea naithamini kuliko raba yoyote ya bei ghali. Anayeanza hudhani kukimbia ni kutoa nguvu zote, anaishiwa pumzi baada ya mita mia mbili, anaamini kwamba mbio si zake. Akienda taratibu, moyo na mapafu huzoea. Kano na mifupa huchelewa zaidi. Ndiyo maana pumzi inapoanza kutosha, goti bado linauma, na inabidi kulisubiri.

Lakini kilichokuwa kigumu zaidi kwangu ni macho ya watu. Mtoto akikimbia anacheza. Askari akikimbia yuko kazini. Kijana wa kiume anafanya mazoezi. Mwanamke mzima akikimbia, mtaa unasimama kuuliza msiba uko wapi. Jioni moja mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi la duka aliinuka kabisa. "Mama, kuna nini? Ni mtoto?" Aliuliza kwa hofu ya kweli. Nikasimama, nikamwamkia, "Shikamoo baba. Hakuna tatizo, ni mazoezi tu." Akaitikia marahaba, lakini aliendelea kunitazama mpaka nikapotea kwenye kona. Basi tukawa tunatoka nyumbani na kanga viunoni juu ya suruali, tunazifungua tukishafika njia za mashambani, na tukirudi tunazifunga tena. Simlaumu mzee yule. Alikuwa hajawahi kumwona mama wa umri wangu akikimbia bila kuwa na kitu anachokikimbilia.

Na hii ni nchi yenye historia ya mbio. Baba yangu hakuchoka kusimulia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, mwaka 1974, jinsi Filbert Bayi alivyoongoza mita 1,500 tangu mwanzo, bila kusubiri mzunguko wa mwisho kama wenzake walivyozoea, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Alisimulia kama mtu aliyekuwa uwanjani, kumbe alisikia redioni. Nilipoanza kukimbia ndipo nilipojiuliza kwa nini masimulizi yake hayakuwa na mwanamke hata mmoja. Sababu moja naijua sasa: wakati ule hata Olimpiki yenyewe haikuwa na marathoni ya wanawake. Ilikuja kuwekwa Los Angeles, mwaka 1984. Binti zangu wao wana cha kusimulia. Septemba 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu kwenye marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, na jirani yangu alinionyesha video yake kwenye simu mpaka nikakariri namna anavyobeba mikono.

Mbio zenyewe, zile kilomita tano za Kilimanjaro Marathon tulizojiandikisha na jirani yangu, zilikuwa Jumapili, mwishoni mwa Februari 2024, masika hayajaanza. Tulifika Uwanja wa Ushirika kungali na ubaridi, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi yote, theluji na majabali, kama inavyokuwa asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Wa kilomita 42 na wa 21 walitangulia. Halafu tukaitwa sisi, na hapo nikaona kitu ambacho sikukitarajia: wanawake. Mabinti wa chuo, walimu, akina mama wanene kuliko mimi, bibi mmoja mwenye kilemba cha kitenge na mjukuu mkononi. Wote wamebandika namba vifuani, hakuna aliyefunga kanga kuficha kitu.

Tulipoachiwa, kundi lilitoka kwa fujo na vigelegele. Jirani yangu akanishika mkono. "Waache waende. Sisi tuongee." Tukaongea, kweli, habari za bei ya mchele na za mtoto wake aliyeko Dodoma, huku vijana waliotupita mwanzoni tukiwakuta mmoja mmoja wanatembea, mikono kiunoni. Moshi imelala kwenye mteremko. Ukiupa mlima mgongo mwili unashuka wenyewe, ukigeuka kuuelekea unalipa kila hatua. Nilipogeuka pumzi ilibana na mazungumzo yakakatika. Tukapunguza mwendo mpaka maneno yakarudi.

Watu waliokuwa wakitoka misa ya kwanza walijipanga ukingoni mwa barabara na mavazi yao ya kanisani. Nilijiandaa kwa swali nililolizoea. Badala yake mama mmoja aliinua kitabu chake cha nyimbo juu akapaza sauti, "Kaza, mama! Kaza, usilegee!" Waendesha bodaboda wakapiga honi. Watoto wakakimbia kandokando yetu bila viatu, wepesi, wakitucheka kwa furaha. Barabara ile naipita kila wiki nikiwa na kapu la sokoni, na sijawahi kushangiliwa juu yake. Nililia nikiwa nakimbia. Sikusimama kufuta machozi kwa sababu jasho lilikuwa limeshachanganyika nayo na hakuna ambaye angejua.

Kuingia uwanjani sikumbuki vizuri. Nakumbuka maji, na jirani yangu akinikumbatia, na miguu ikitetemeka nilipojaribu kukaa kwenye nyasi.

Hatukuondoka mapema. Tulikaa kuwapigia makofi wa kilomita 21, na miongoni mwao akaja mwanamke wa umri wangu, amepauka kwa chumvi ya jasho, akajitupa karibu nasi. Nikampa pole, nikampa nusu ya ndizi yangu, nikamuuliza habari za mlima wa Mweka kwenye njia yao, ambao kila mtu huutaja kwa kuguna.

"Dada, hatua fupi fupi," akasema. "Usitazame juu, tazama mgongo wa aliye mbele yako. Ukichoka tembea, lakini tembea kwa haraka. Na ukishuka usijiachie, kushuka ndiko kunakoua magoti."

Akamenya ndizi. Nikatoa simu nikamwomba namba yake.