Neno Alilolisikia Kaka

Marehemu kaka yangu aliamini mpaka siku ya kufa kwake kwamba Freddie Mercury alipata kumsemesha kwa Kiswahili, mbele ya umati wa watu, katika viwanja vya Knebworth, Uingereza, jioni ya Jumamosi tarehe 9 Agosti 1986. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, bega kwa bega, wala sikulisikia neno hilo. Nilimwambia hivyo mara moja tu, mahali pasipostahiki. Ndilo linalonishikisha kalamu leo katika ukumbi huu, mbele ya watu wanaojua kupima uzito wa neno moja.

Kaka alinitangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na minne. Alikwenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapata kazi katika gereji ya mabasi London, akaoa, akatulia. Mimi nilimfuata mwaka 1984 kwa masomo, nikapewa chumba cha nyuma katika nyumba yake, chumba ambacho nusu yake ilijaa santuri. Zilikuwamo za taarabu, alizozibeba mwenyewe kutoka Unguja zikiwa zimefungwa ndani ya kanga ya mama. Lakini nyingi zaidi zilikuwa za bendi moja tu, Queen. Wala msidhani alikuwa mpenzi wa muziki wa roki. Bendi nyingine zote za aina hiyo aliziita kelele, na mke wake akithubutu kufungulia redio kelele hizo, yeye huondoka akaenda kukaa ngazini.

Mapenzi yake yalikuwa na asili nyingine. Farrokh Bulsara, aliyekuja kuitwa Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Waparsi waliotoka India. Baba yake alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, angali mdogo, akarudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, magharibi mwa London. Kaka aliyajua yote hayo kama mtu ajuavyo nasaba yake. Lililomkera ni kwamba mwenyewe Mercury alikuwa mchache wa kuyazungumza. Wenzake wa gerejini walimcheka: huyo mtu wenu mbona hawatajeni? Kaka hakukubali kushindwa. "Hajatukataa," akiniambia usiku tukiwa wawili. "Ana haya tu. Ipo siku atatutaja."

Basi tulikwenda Knebworth kungojea kutajwa.

Tulipanda treni asubuhi kutoka King's Cross hadi Stevenage. Kaka alikuwa na maandazi, chupa ya chai, na mkeka. Nasema mkeka, ule wa ukili uliosukwa Makunduchi, aliokuwa akiutandika sebuleni siku za Idi. Nilimwonea aibu tangu ndani ya treni. Vijana waliovaa fulana za bendi wakiutazama ule mkeka kwapani mwake, mimi nikitazama dirishani kama mtu asiyemjua. Tulipofika uwanjani, watu waliokuwa wamekalia nyasi tupu ndio waliotuomba nafasi, na kufikia adhuhuri mkeka ulikuwa na wageni sita ambao hatujawaona tena maishani. Mmoja alikula maandazi manne. Hilo ninalikumbuka kwa uhakika kuliko nyimbo nyingi za siku ile.

Watu waliokuja wanakadiriwa kuwa 120,000 au zaidi. Nilipoisoma idadi hiyo baadaye haikuniambia kitu. Kitu nilichokiona ni kwamba ardhi haikuonekana. Zilipita bendi za kutangulia, Belouis Some, Big Country, Status Quo, na kaka akanywa chai kwa utulivu wa mtu anayengoja hotuba za wageni waalikwa ziishe. Kisha helikopta ikapita juu yetu, watu wakasimama wote kwa pamoja, na mkeka ukapotea chini ya miguu. Hatukuupata tena.

Kutoka pale tulipokuwa, Mercury alikuwa na ukubwa wa kidole. Tulimtazama zaidi katika kioo kikubwa cha video kilichokuwa juu ya jukwaa. Hapa inanibidi niwe mkweli kwenu. Ninapofumba macho kumkumbuka, namwona amevaa koti la manjano na suruali nyeupe. Lakini koti lile ndilo lililo katika mkanda wa video wa Wembley, uliorekodiwa Julai ya mwaka uleule, nami nimeutazama mkanda huo mara zisizo na hesabu. Nikijaribu kulivua koti hilo nimwone Mercury wa Knebworth peke yake, hubaki kidole cheupe kinachokwenda huku na huko katika mwanga. Macho yangu yamekwisha kukopa. Masikio nilidhani hayakukopa, na kiburi changu chote kilianzia hapo.

Katika wimbo wa "Radio Ga Ga" mikono yote ile iliinuka na kupiga makofi kwa mapigo mamoja, safu baada ya safu, mpaka kilima kikawa kinapumua. Kaka aliniambia sikioni kwamba haya ni maulidi ya homu. Miaka mingi baadaye aliurudia mfano huo barazani kwetu, na mzee mmoja akakereka, akasema ni utovu wa adabu kulinganisha. Labda. Lakini nani katika sisi aliyewahi kukaa karibu na safu za homu, akaona mabega yale yakipinda pamoja kama majani ya mnazi kwa upepo mmoja, asingeupata mfano ule?

Kisha likaja lile jambo lenyewe. Wanaomjua Mercury wanajua kwamba alikuwa na desturi ya kuusimamisha muziki na kucheza na umati kwa sauti tupu. Anatoa sauti, umati unairudisha. Anaivuta, umati unaivuta. Anaikata kwa ghafula, anaipandisha, anaitia mikunjo ambayo hakuna koo la kawaida linaloiweza, umati unajikwaa, yeye anacheka, wanaanza tena. Sisi tuna majina ya uhusiano huu, kiitikio, kipokeo, kibwagizo, na kila mtoto wa pwani amekulia ndani yake. Lakini vipokeo vyetu vina maneno. Pale hapakuwa na neno hata moja. Zilikuwa irabu, na pumzi kabla ya irabu.

Kaka akanishika mkono kwa nguvu. Nilimtazama, machozi yalikuwa yakimtoka. "Umesikia?" akasema. "Katwambia haya!"

Nikaitikia kwa kichwa. Kelele zilikuwa nyingi, nami nilikuwa na furaha, na mtu haanzi ubishi wa isimu katikati ya watu laki na zaidi. Mercury akatoka jukwaani mwishoni akiwa na joho na taji la kifalme. Sisi tukatembea gizani pamoja na watu wote wale, magari yamesimama pande zote, tukalala kituoni tukiegemeana kwa kuwa mkeka haukuwapo tena.

Halikuwako onyesho jingine la Queen pamoja naye baada ya lile. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na umri wa miaka 45. Tangu hapo nimesikiliza na kusoma kumbukumbu za watu wengi waliokuwapo Knebworth, na karibu kila mmoja anasema alihisi kwamba ile ni kwaheri. Eti aliliona jambo fulani katika namna alivyoinua lile taji. Mimi sikuhisi kitu. Nilihisi njaa, kwa sababu maandazi yalikwisha mchana. Na kuna jambo ambalo kumbukumbu nyingi huliruka: kijana mmoja alichomwa kisu katika umati ule siku ileile, akafa. Sisi tulilisoma gazetini. Tulikuwa uwanja mmoja naye, tukaimba, tukapiga makofi, na hatukujua. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba sote pale tulikuwa moyo mmoja, humfikiria kijana yule na waliomzunguka, walioisikia jioni ile kwa namna nyingine kabisa.

Kaka alistaafu, akarudi Unguja mwaka 2015. Barazani kwetu akapata alichokikosa gerejini, watu wenye wakati wa kusikiliza. Hadithi ikaanza kukua. Mwanzo Mercury alisema "haya". Baadaye akasema "haya, njooni". Lilipofunguliwa jumba la makumbusho yake pale Shangani mwaka 2019, wageni wakawa wengi mtaani, na vijana wanaowatembeza wakawa wanapita kumsikiliza mzee aliyekuwapo. Hapo Mercury akawa amesema "haya, karibuni", na ameinua mkono kuelekea upande wetu.

Mwaka uliofuata nilikuwa likizoni. Nimekaa barazani, kaka anasimulia, vijana wanasikiliza. Alipofika kwenye mkono ulioinuliwa, nikasema, "Hakusema hivyo. Nilikuwapo. Hakusema neno lolote la Kiswahili, wala halikuwa neno." Nikaendelea. Nikaeleza kwamba ile ni sauti tu, pumzi na irabu mbili, na kwamba sikio la Mswahili likipewa pumzi na irabu hutafuta neno la kuzivisha, na lililo karibu zaidi ni "haya". Nilizungumza vizuri. Mimi ni mwalimu, nimezoea.

Mnajua, washairi wenzangu, ukubwa wa neno hilo dogo. Haya ni kukubali. Haya ni amri ya kuanza, aitoayo nahodha na mwenye ngoma. Haya ni mambo yaliyo mbele yetu. Na haya ni ile stara ya uso ambayo mwenye nayo hutazama chini. Kaka alitazama chini. Kisha akasema, "Haya," akachukua bakora yake, akaingia ndani.

Hakuisimulia tena hadithi ile nikiwapo. Niliambiwa kwamba nikiondoka aliendelea kuisimulia, lakini kwa sauti ya chini, na akiulizwa sana husema mdogo wake ndiye anayejua zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Tuliandikiana, tulipigiana simu, tuliulizana hali za watoto. Nilikusudia kila mwaka kumwambia kwamba nilikosea. Lakini sikukosea, na hapo ndipo ulimi uliponikwama. Ningemwambia nini? Kwamba hakusikia alichosikia, ila nasikitika kuwa nilisema? Alifariki mwaka juzi, nikiwa London, katika chumba kilekile cha nyuma ambacho mpaka leo kina santuri zake.

Nimejaribu kumtungia shairi. Nililianza kwa tarbia, "haya" ikiwa kina cha mwisho, kina chepesi ambacho hata mwanafunzi hawezi kukikosa. Nilifika ubeti wa tatu nikaacha. Nilipousoma ule wa tatu niliona kwamba mizani zilikuwa sawa, vina vilikuwa sawa, na kila mshororo ulikuwa bado ukimthibitishia kaka kwamba hakusikia.

Nilifika Unguja siku ya hitima. Baada ya dua, watu wakikunjua miguu na sinia za pilau zikipita, kijana mmoja wa wale watembeza wageni alianza kumkumbuka marehemu. Akasimulia Knebworth. Sasa Mercury alikuwa amesimamisha muziki wote na kusema, "Hamjambo Wazanzibari." Watu wakatikisa vichwa kwa mapenzi. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi, shahidi. Nilikuwa na tonge mkononi. Nililitia mdomoni nikatafuna polepole.

Mjukuu wa kaka, binti wa miaka tisa, hakuridhika na kutafuna kwangu. Alinifuata uani nilipokwenda kunawa. "Babu mdogo," akasema, "wewe si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Alisemaje?"

Nikamwambia kwamba aliivuta sauti, nasi tukaipokea. Akauliza vipi. Nikatazama mlangoni kama yuko mtu, maana si jambo la mtu mzima kuimba nyimbo za roki katika nyumba ya hitima. Nikainama karibu na sikio lake, nikaitoa kwa sauti ndogo kama nilivyoisikia mimi, pumzi na irabu, bila kuongeza wala kupunguza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya," akakimbilia ndani kwa wenzake.