Maji Yaondokayo

Maji yajayo kwetu tunayapokea kwa furaha. Yaondokayo hatupendi hata kuyatazama. Nami nilikuwa hivyo nilipokaa Morogoro, mji ambao mito yake hushuka kutoka milima ya Uluguru ikiwa safi na baridi, ikapita katikati ya nyumba za watu, ikaingia Ngerengere.

Nilipanga chumba karibu na ukingo. Usiku mmoja wa masika, mvua ilipokuwa kubwa, mwenye nyumba alinigongea mlango akasema, "Mwanangu, njoo unishikie taa, tukatapishe choo." Nilikwenda. Alitoboa ubavu wa shimo, na yaliyokuwamo yakachukuliwa na mkondo gizani. Gari la kunyonya lilidai fedha ambazo hakuwa nazo. Simtetei wala simlaani, kwa kuwa taa ilikuwa mkononi mwangu. Asubuhi nilinunua mchicha uliooteshwa bondeni chini yetu, nikaupika. Nilikula nusu, nusu ya pili ilinishinda.

Miaka kadhaa baadaye nilifika Mafisa, penye mabwawa ya maji taka ya mji huo. Nilitazamia mitambo na ngurumo; nikakuta maji yaliyotulia, na ndege. Mfanyakazi mkuu wa mahali pale ni jua. Maji machafu yaingiapo, tope hutuama chini, na bakteria huanza kuula uchafu. Kwa kazi hiyo bakteria huhitaji oksijeni, nayo hutolewa na mwani wakati wa mchana. Mwani nao hujilisha kwa hewa ya ukaa na virutubisho vitokavyo kwa bakteria. Kila mmoja huishi kwa makombo ya mwenziwe. Nuru huviua vijidudu vingi vya maradhi, na mayai ya minyoo, kwa uzito wake, huzama. Njia hii yaweza kwenda bila umeme, lakini hutaka ardhi pana na siku nyingi. Tope likiachwa likajaa, siku hizo hupungua, na maji hutoka kabla ya kuiva.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji taka yamwagiliayo mboga zinazoliwa mbichi yasizidi yai moja la minyoo katika lita, wala bakteria wa kinyesi 1,000 katika mililita 100. Niliposoma tarakimu hizo niliukumbuka mchicha wangu. Ni kweli kwamba mchicha hupikwa; lakini mkono uuchambuao haupikwi.

Hata hivyo bwawa haliwezi kusafisha kisicholifikia. Nyumba nyingi za mji hazikuunganishwa na mabomba ya maji taka. Zina mashimo, na mashimo hujaa. Nilipokuwa nimesimama Mafisa nikiusifu mwani, nilijua kwamba choo chetu cha siku zile hakikupata kuliona bwawa lile. Kilikwenda mtoni moja kwa moja, nami nikikimulikia njia.

Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu hunywewa Dar es Salaam, anakokaa dada yangu na wanawe. Mwaka mmoja aliniandikia kuniuliza, kwa kuwa mimi ndimi niliyesoma, kama maji ya bomba yafaa kunywewa bila kuchemshwa. Nilimjibu achemshe. Habari ya taa sikumwandikia.