Maji ya Chumvi Ndani ya Slabu

Wanangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo tuongee kuhusu slabu iliyo juu ya kichwa chako. Hebu angalia dari. Kuna ufa ulionyooka na doa la rangi ya chai? Usiseme rangi imechoka. Hapo ndani chuma kinashika kutu.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili au zaidi. Inasukuma zege, zege linapasuka, mwisho kipande kinaanguka. Kwetu Kisauni kiliwahi kuanguka jikoni mchana, bahati watu wako kazini. Mwenye nyumba akaleta fundi, akapiga plasta na rangi, kodi ikaendelea. Yaani kutu imevishwa nguo mpya tu.

Chumvi inatoka wapi? Upepo wa bahari, sawa. Lakini kuna maji pia. Maji matamu tunanunua kwa mtungi, ya chai na kupikia. Mtu anayejenga akiona bei, anakoroga zege kwa maji ya chumvi ya kisima. Nyumba hiyo imezaliwa na ugonjwa tayari.

Kipimo cha kawaida ni kuvunja mchemraba wa zege kwa mashine ukifikisha siku 28. Unakuambia nguvu ya leo. Mwaka wa 25 je?

Hapo ndipo wahandisi wanatumia modeli za kompyuta za ngazi nyingi. Ngazi ya chini kabisa ni atomu: chumvi inanata vipi kwenye saruji? Ngazi ya kati ni vitundu, mchanga na kokoto: chumvi itafikia chuma baada ya muda gani? Ya juu ni jengo zima, pamoja na tangi la maji na familia zote: boriti gani italegea kwanza? Kila ngazi inaipa ya juu yake namba. Kuhesabu atomu zote za nyumba haiwezekani, hakuna kompyuta ya hivyo.

Na wazo hili si la juzi. Mwaka 2013 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilienda kwa modeli za aina hii, na mmoja wa washindi watatu, Michael Levitt, amezaliwa Pretoria, Afrika Kusini.

Najua kuna atakayesema, "Babu zetu walijenga bila kompyuta, na Fort Jesus iko tangu 1593." Kweli, lakini kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hazikutegemea vyuma vya kushika kutu. Sisi tunajenga ghorofa za vyuma kando ya bahari ileile.

Shida yangu ni moja: modeli hula namba unazoilisha. Ukiilisha mchanga na baridi ya Ulaya, itakujibu habari za Ulaya. Joto letu, unyevu wetu na visima vyetu nani atavipima? Wewe unayesoma uhandisi, hiyo ndiyo projekti yako. Programu kama LAMMPS na CalculiX ni za bure.

Wengine tuanze na ufagio. Simama pembeni, gonga dari polepole kwa mpini. Ikilia kama debe tupu, hamisha kitanda leo, piga picha, na umwandikie mwenye nyumba. Akija na ndoo ya rangi, mwambie afukue mpaka kwenye chuma.