Wanga Katika Sinia ya Nyanya

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimekuwa nikiitumia kupambia insha zangu tangu shule ya msingi, lakini uzito wake sikuutambua hadi mwaka wa 2016, nyanya yangu mzaa mama alipokatwa kidole cha mguu. Kiatu kilimbana siku ya arusi, akapata lengelenge, lengelenge likawa kidonda, na kidonda kikakataa kupona. Kisukari kilikuwa kimeishi mwilini mwake miaka mingi kabla ya siku hiyo. Siandiki insha hii kama tabibu, kwani utabibu sikuusomea. Naandika kama mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuwa na sehemu yake katika kisa hicho.

Nililelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Kwetu siku ilianza kwa mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Adhuhuri ilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni, harufu ya viazi karai, bhajia na kachri ilipotanda vichochoroni, mtoto hakuweza kupita bila kunyoosha mkono. Ijumaa ilikuwa na pilau yake, arusi na biriani yake, na Ramadhani ilikuja na tambi, vibibi na kaimati zilizochovywa katika shira. Hakuna hata mmoja wetu aliyekiona chakula hiki kuwa hatari. Kilikuwa ni ukarimu, na ukarimu ndio uliokuwa jina letu.

Nyanya alipogunduliwa kuwa na kisukari mwaka wa 2013, alirudi kutoka kliniki moja mjini na karatasi ya ushauri wa lishe iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mimi, msomi wa nyumba, ndiye niliyeitwa kuifasiri. Nikakohoa kidogo, nikasoma kwa sauti ya mhadhiri: “Punguza vyakula vya wanga.”

Nyanya akaniangalia kwa mshangao. “Astaghfirullahi! Mimi na wanga wapi na wapi, mjukuu wangu? Chakula changu nakipika mwenyewe, na bismillahi naisoma.”

Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Katika masikio yake, wanga ni wale watu watembeao usiku kuwaroga wenzao. Katika kamusi yangu, wanga ni ule unga ulio ndani ya mchele, muhogo na ngano ambao mwili huugeuza kuwa sukari. Neno langu lilikuwa sanifu na sahihi, lakini halikumfikishia lolote. Baya zaidi ni kwamba baada ya kicheko niliikunja karatasi, nikaiweka juu ya kabati, nikaona kazi yangu imekwisha. Laiti ningeketi naye jikoni siku ile nikamweleza kwa lugha ya chungu na mwiko, huenda kidole kile kingalikuwepo leo.

Na si hilo tu. Kila niliporudi likizoni kutoka chuoni nilimpelekea kaimati, kwa kuwa nilijua anazipenda na nilidhani namhurumia. Mama aliponikanya nilijitetea kwa hoja niliyoiokota mahali fulani, kwamba vyakula vitokanavyo na mimea ndivyo vyenye afya, na kaimati hazina nyama. Hoja hiyo ilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kudhuru kuliko uwongo. Sukari hutokana na mmea. Mafuta ya kukaangia hutokana na mmea. Unga mweupe wa ngano nao hutokana na mmea, ila umevuliwa kumvi na kiini, yaani sehemu zenye nyuzinyuzi na virutubishi vingi. Mahamri na mbaazi hukaa katika sahani moja, na yote ni mimea, lakini kazi zake mwilini ni mbalimbali. Mahamri huipandisha sukari ya damu upesi. Mbaazi, kunde na pojo zina nyuzinyuzi na protini, humeng’enywa polepole, na sukari yake huingia katika damu kwa utaratibu. Kwa hivyo haitoshi kuuliza kama chakula ni mmea au mnyama. Yafaa pia kuuliza ni mmea gani, umekobolewa vipi, umepikwa kwa nini, na umepakuliwa kiasi gani.

Baada ya nyanya kutoka hospitalini nilianza kusoma, nikagundua kwamba jambo hili lilikwisha kushughulisha watu hapa hapa kwetu. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Kenya kisha Uganda kwa takriban miaka 30, aliona kwamba shinikizo la damu na maradhi ya moyo yalikuwa nadra sana miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliona yafaa kumwandikia makala mgonjwa mmoja tu wa Kiafrika aliyepatikana na maradhi ya mishipa ya moyo. Baadaye Trowell na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, walishikilia kwamba nafaka zilizokobolewa na upungufu wa nyuzinyuzi ni miongoni mwa sababu za maradhi hayo kuenea. Nchini Kenya nako, utafiti wa Poulter na wenzake uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, ukaona shinikizo la damu likianza kupanda muda mfupi tu baada ya kuhama, huku chumvi ikizidi katika chakula chao na potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga na matunda, ikipungua. Aidha, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 94 ya Wakenya hawakuwa wakila kiwango kinachopendekezwa cha mboga na matunda kwa siku.

Yawezekana msomaji atauliza: ikiwa mboga zapatikana, mbona haziliwi? Nadhani jibu moja limo katika lugha yetu. Nyumbani kwetu, siku ya mchicha mtupu ilisemwa kwamba “leo hakuna kitoweo.” Mchicha umo chunguni, lakini ulimi umekwisha kuufuta. Wali nao ni heshima, na heshima hiyo ina umri mrefu. Mwanaakiolojia Sarah Walshaw, katika makala yake ya mwaka 2010 kuhusu Pemba, alionyesha kwamba wakazi wa kale wa kisiwa hicho walitegemea zaidi mawele, na kwamba kuanzia karne ya 11 mchele ulichukua nafasi kubwa, akahusisha badiliko hilo na maisha ya mji, dini na karamu. Basi unapomwambia mzee wa Kiswahili apunguze wali, usidhani unamwondolea nafaka tu. Unagusa namna yake ya kumpokea mgeni.

Kwa sababu hiyo sikumwambia nyanya tena apunguze. Nilimwuliza walikula nini alipokuwa mtoto. Hapo ndipo mwalimu akawa mwanafunzi. Alinitajia mkate wa mofa wa mtama, kunde, kisamvu, matembele, mnavu, na mchunga ambao uchungu wake, alisema, “humkumbusha mtu kuwa yu hai.” Nusu ya majina hayo niliyajua kutoka kamusini na sikuwahi kuiona mimea yenyewe. Asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja Marikiti, yeye akijikongoja kwa mkongojo, akanionyesha moja baada ya jingine katika mafungu ya mama wauza mboga, huku wakimwita mama na kumwongezea fungu.

Mambo jikoni yalibadilika polepole. Tui zito likawa jepesi. Mbaazi zikajaa sahani na hamri likabaki moja. Wali haukufukuzwa, ila ulisogea pembeni mwa sinia, na mchicha na kunde zikakaa katikati. Chai ilipoteza sukari yake baada ya vita vya miezi mitatu. Dawa zake hakuziacha, wala daktari hakumruhusu aziache, kwani chakula husaidiana na dawa na hakichukui nafasi yake. Vipimo vyake viliteremka, na vidonda havikurudi. Kidole nacho hakikurudi.

Wanazuoni wenzangu, twajivunia istilahi zetu, na ni haki yetu. Lakini istilahi isiyofika jikoni haijafika. Wapo wagonjwa wangapi visiwani na bara ambao karatasi zao zimekunjwa juu ya makabati kwa kukosa mtu wa kuwafasiria kwa lugha ya chungu? Na majina mangapi ya mboga yatazikwa pamoja na nyanya zetu kabla hatujayaandika? Shime, tuanze katika nyumba zetu wenyewe, na tuanze kwa kuuliza kabla ya kufundisha.

Ramadhani iliyopita tulifuturu kwa tende moja moja, uji wa wimbi usio na sukari, mbaazi na samaki wa kuchoma. Sahani ya kaimati ilikuwepo kwa ajili ya wageni. Nyanya aliitazama, akachukua moja, akaikata nusu, nusu nyingine akaniwekea mkononi. Kisha akatabasamu na kuniuliza, “Je, mjukuu wangu, leo tumewafukuza wanga, au bado?”